Mhusika mwovu: mpinzani, mhalifu au dhalimu?

SWALI: Naandaa orodha ya aina za wahusika waovu katika hadithi. Wote nimewaita "wapinzani", lakini wapo ambao jina hilo haliwakai. Niwagawe vipi?

JIBU: "Mpinzani" hutaja nafasi ya mhusika, haligusi tabia yake. Ni yule anayemzuia mhusika mkuu asipate anachokitaka. Hadithi ikimfuata mwizi, mpelelezi anayemsaka ndiye mpinzani, hata awe mwema namna gani. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Macbeth, Macbeth ni muuaji na bado ndiye mhusika mkuu. Anayempinga na kumwangusha ni Macduff, mwenye haki. Kwa hiyo nafasi iwekee safu yake, kisha uainishe uovu wenyewe.

Mhalifu ni mvunja sheria. Mfalme anayenyonga raia kwa amri aliyoitunga mwenyewe huenda hajavunja sheria yoyote. Huyo ni dhalimu. Msaliti lazima awe aliaminiwa kwanza, kwa hiyo adui wa wazi hawezi kuingia fungu hilo. Laghai hudanganya ili ajinufaishe. (Sungura wa ngano ningemwacha nje: ni mjanja, na wasikilizaji wako upande wake.) Jambazi libaki kwa mporaji wa kweli, siku hizi watu humbandika kila wanayemchukia. Zimwi lipe fungu la peke yake, maana halihitaji sababu, hula watu kwa kuwa ni zimwi.

Kazi ngumu ni pale mmoja anapostahili majina matatu. Iago katika Othello, tamthilia nyingine ya Shakespeare, ni msaliti, muuaji na mfitini. Mimi hutafuta tendo ambalo likiondolewa hadithi haisogei. Anamuua mkewe, Emilia, lakini wakati huo Desdemona, mke wa Othello, ameshakufa na maafa yameshatimia. Kilichoyaleta ni maneno aliyokuwa akimtilia Othello sikioni kuhusu Desdemona na Cassio, luteni wa Othello. Basi ningemwandika mfitini, hayo mengine yakae kwenye maelezo yake.

Na ukiandika, iwe "mhusika katili", wingi "wahusika katili". "Mkatili" husikika sana, ila katika Kiswahili sanifu katili, dhalimu na laghai havichukui m-. Yakisimama kama nomino, wingi wake ni makatili, madhalimu, malaghai. Msaliti na mfitini ni wa ngeli ya watu moja kwa moja: wasaliti, wafitini.