Kutwa Kazini, Jioni Huoni Ulichomaliza: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: mtu anashinda kazini, anachoka kweli, lakini jioni akiulizwa amemaliza nini hana la kuonyesha. Nimejibu zile ambazo naamini zitawafaa wengi.

Shikamoo shangazi. Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha, karibu na bandari. Kila nikianza kuandaa nyaraka, simu inaita: "Mzigo wangu umefikia wapi?" Nikimalizana na huyo, WhatsApp inalia. Nyaraka za mzigo mmoja zinanila kutwa. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Hao wanaopiga simu usiwaone wasumbufu. Mwenye kontena bandarini anajua kwamba siku za kuhifadhi bila malipo zikiisha ataanza kutozwa, na kimya chako kinamtia hofu. Ukizima simu tu, atakuja mwenyewe hadi mezani kwako.

Dawa ni kumwahi. Saa 2 asubuhi, kabla hujagusa faili, pitia mizigo yote iliyo mkononi mwako, kisha mtumie kila mteja ujumbe mfupi: mzigo uko hatua gani, kinasubiriwa nini, na utamwandikia tena saa ngapi. Hilo la mwisho ndilo linalotuliza. Anayejua kwamba saa 9 alasiri atapata habari hana sababu ya kupiga saa 5. Lakini saa 9 ikifika mwandikie hata kama hakuna jipya. Ukimpa ahadi ukaisahau, kesho atakupigia kabla hujakaa kitini.

Baada ya hapo, saa 3 hadi saa 5 ziwe za nyaraka peke yake. Zungumza na wenzako mpokezane simu: leo wewe unapokea, kesho mwenzio. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihamia kazi nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na ile ya pili inaharibika. Kwenye kazi yako uharibifu huo una bei. Tarakimu moja ikikosewa kwenye namba ya kontena, au uzito usipolingana na ule wa kwenye ankara, TANSAD, ile fomu ya kutangaza mzigo forodhani, inarudi kurekebishwa na siku imekwenda. Kwa hiyo usipime kasi yako kwa idadi ya simu ulizojibu. Pima kwa nyaraka zilizopita bila kurudishwa.

Ikitokea lazima unyanyuke katikati, andika kwanza kwenye karatasi pale ulipoishia: "bado uzito wa jumla, bado sahihi." Ukirudi hutaanza mwanzo. Na ikiwa kukaa saa mbili mfululizo ni kugumu, jaribu mtindo wa Francesco Cirillo, Muitaliano aliyeubuni mwishoni mwa miaka ya 1980 akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika.

Asalaam aleikum shangazi. Nina cherehani mbili na kijana mmoja wa kunisaidia, hapa Ngamiani. Kila Ramadhani napokea vitambaa vingi, usiku wa kuamkia Idi nakesha, na bado wateja wananigombeza. Niongeze fundi?

Waaleikum salaam. Usiongeze fundi kwanza. Simama sasa hivi uangalie chumbani mwako: nguo ngapi zimekatwa hazijashonwa? Ngapi zimeshonwa zinangoja vifungo? Naijua desturi hii ya kukata kitambaa cha kila mteja ili akija aone kazi imeanza. Inampoza siku hiyo, lakini inakujazia viporo. Mkono wa gauni hili unachanganyika na wa lile, unatafuta, unafungua upya, na kazi 20 zinatembea pamoja bila hata moja kufika.

Weka sharti: usikate nguo mpya mpaka mbili zilizotangulia zimepigwa pasi na kutundikwa. Kijana asiguse kukata. Yeye ni pindo, vifungo na pasi, kwa sababu hapo ndipo nguo zinapolala.

Halafu ujue uwezo wako. Hesabu nguo unazozimaliza kabisa katika wiki ya kawaida. Tuseme ni 12. Wiki nne za Ramadhani ni 48, lakini umeme utakatika, sindano itavunjika, na saumu nayo ina uchovu wake, kwa hiyo funga kupokea zikifika 40. Andika orodha ukutani kwa namba, kila nguo na tarehe yake ya kuchukuliwa, na anayekuja baada ya hapo mwambie wazi kwamba yake ni baada ya Idi. Ataudhika, najua. Lakini mteja uliyemkataa mwezi mosi atapata fundi mwingine. Uliyemzungusha hadi mwezi 29 hana pa kwenda, na huyo ndiye anayekuvunjia jina mtaani. Ukiona unawakataa wengi hivi miaka miwili mfululizo, hapo ndipo uongeze fundi.

Shangazi, mimi mhasibu. Kila mwisho wa mwezi nakaa ofisini hadi saa 3 usiku, na bosi anasema mchapakazi haangalii saa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaangalia saa. Kikomo cha kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika kila wiki nne, na malipo yake ni mara moja na nusu ya yale ya kawaida. Mweleze bosi wako kwa adabu, na orodha ya saa zako mkononi.

Upande wako, shughulika na stakabadhi. Mwisho wa mwezi unaelemewa kwa sababu watu wanakuletea karatasi za wiki nne siku moja. Tangaza kwamba Alhamisi mchana ni mwisho wa kupokea stakabadhi za wiki hiyo, na Ijumaa asubuhi linganisha vitabu na taarifa ya benki.

Baada ya chakula cha mchana usingizi unanishinda, hasa Januari na Februari.

Joto la Tanga miezi hiyo halishindiki kwa ukali. Kazi ya kufikiri ifanye asubuhi, saa 8 mchana fanya ya miguu: kupeleka barua, kupanga faili, kwenda benki. Na ubwabwa upunguze.

Kuna programu gani nzuri ya simu ya kupanga kazi?

Nunua daftari. Simu uliyoifungua kutazama kazi itakuonyesha mambo mengine kumi kwanza.

Shikamoo shangazi. Likizo yangu ya uzazi inaisha, na nyumbani ni Pongwe, kazini ni mjini. Naogopa nitaonekana mvivu nikiomba ruhusa ya kunyonyesha.

Marahaba mwanangu, na hongera. Usiombe kama fadhila. Sheria hiyo hiyo ya 2004, baada ya siku 84 za likizo ya uzazi, inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Kwa kuwa Pongwe ni mbali, wengi hupatana na mwajiri kuziunganisha, wakatoka saa mbili mapema. Andika barua kabla hujarudi, utaje muda unaoutaka, na uonyeshe kazi zipi utakuwa umekabidhi kabla ya kuondoka kila siku na nani atapokea zinazobaki. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wakikataa, mwone afisa kazi, ukiwa na nakala hiyo.