Fundi mpya wa pampu ya joto, hebu ifunge hiyo gesi kwanza

Wiki ya pili ya mafunzo ya pampu za joto, zile mashine za umeme zinazochota joto nje na kulileta ndani, haijaisha, na tayari kuna kijana ameinamia manifoldi (seti ya geji za shinikizo), ananyonya hewa kwenye mabomba, ameona mshale wa geji ya buluu umegota chini ya sifuri, akaangalia simu yake na kutangaza: "Dakika kumi na tano zimefika, tufungulie gesi." Kila kundi lina mtu huyo. Safari hii wako wanne, na waliobobea kwenye AC ndio wabishi zaidi. Tunawapenda, lakini koo limechoka, basi tuandike.

1. Pima nyumba kabla hujachagua mashine.

Fundi anafika, anasoma kibandiko cha boila la zamani, anakuta 24 kW, anaagiza pampu ya joto ya 16 kW "ili isizidiwe". Lile boila lilipewa ukubwa huo ili maji ya kuoga yapate moto papo kwa papo yanapopita. Nyumba yenyewe huenda inapoteza 6 kW siku ya baridi kali kuliko zote, na siku nyingine nyingi inataka 2 au 3 tu. Mashine ya 16 kW, hata yenye invata ya kupunguza kasi, mara nyingi haishuki chini ya 4 au 5. Itawaka, izime, iwake tena, kutwa nzima. Kompresa inachakaa kwa kuwashwa huko, na mwenye nyumba anashangaa mbona bili iko palepale.

Hesabu yake si ngumu: eneo mara thamani ya U (jinsi ukuta unavyopitisha joto) mara tofauti ya joto. Ukuta wa mita za mraba 40 wenye U ya 1.5, ndani nyuzi 20, nje sifuri, unapoteza wati 1,200. Uvike sufi ya kuhami joto hadi U ifike 0.3, zinabaki wati 240. Kisha hewa: ujazo wa nyumba, mara idadi ya mara hewa inavyobadilika kwa saa, mara 0.33, mara tofauti ya joto. Nyumba ya mita za ujazo 250 inayobadilisha hewa yake mara moja kwa saa inamwaga wati 1,650 kupitia nyufa na milango isiyofunga vizuri. Ziba kwanza, hami kwanza, halafu ndiyo ufungue katalogi. Ukifanya kinyume utakuwa umemuuzia mtu mashine ya nyumba ambayo hatakuwa nayo mwaka ujao.

2. Bomba la zamani linaweza kukuumbua.

Boila linaridhika maji yakienda ya moto na kurudi yamepoa kwa nyuzi 20. Pampu ya joto inataka tofauti ya nyuzi 5 hivi, maana yake maji mara nne zaidi kwa joto lilelile. Kwa 8 kW unahitaji karibu lita 23 kwa dakika. Yapitishe kwenye bomba la shaba la milimita 15 na yatakimbia mita 2.6 kwa sekunde, nyumba nzima isikie. Kwenye 22 yanakwenda mita 1.2, kwenye 28 ni 0.7. Sasa unajua kwa nini ile mashine mpya inalia kosa la mtiririko kila asubuhi huku fundi akibadilisha sensa ambayo haina ubaya wowote. Safisha mfumo wote kabla ya kuunganisha, na weka kichujio cha sumaku upande wa kurudi; tope jeusi la redieta za chuma huziba mabati ya kibadilisha joto mapema kuliko unavyodhani.

3. Vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwenye mabomba kabla ya gesi.

Hapa tutakaa.

Tukiri kwanza kwamba hatusemi haya tukiwa juu ya mti. Sisi tunaofundisha tumelifanya kosa hili, tena kwa kujiamini, kwa sababu ndivyo tulivyopokezwa: unganisha pampu ya vakyumu, mshale ukishuka hesabu dakika 15, funga, achia gesi, nenda kale. Na mashine zilikuwa zinawaka! Hilo ndilo balaa lenyewe. Zingegoma siku ileile tungejifunza mapema. Badala yake zinafanya kazi miezi, wakati mwingine mwaka, kisha kompresa inaungua, na kila mtu anasema, "Siku hizi wanatengeneza kompresa mbovu."

Angalia geji yako inasoma nini. Shinikizo la hewa la kawaida ni mikroni 760,000 (mikroni ni kipimo kidogo sana cha shinikizo). Ukifika mikroni 20,000, geji ya manifoldi inaonyesha karibu -0.99 bar. Ukifika 500, inaonyesha karibu -1.01. Unene wa mshale wenyewe unaimeza tofauti hiyo. Lakini tofauti hiyo ndiyo kazi yote. Bomba likiwa na nyuzi 25, maji ndani yake huanza kuchemka ukishuka chini ya mikroni 24,000 hivi. Likiwa kwenye sifuri, hadi ushuke chini ya 4,600. Kwa hiyo siku ya baridi unaweza kuipiga pampu dakika zako 15, mshale umelala kabisa, na tone la maji limetulia ndani halina habari nawe. Saa ya simu haijui kuna unyevu kiasi gani, wala haijui kama bomba lina mita 5 au 30.

Na unyevu huo hautulii. Mafuta ya POE (mafuta ya sintetiki) yaliyomo kwenye kompresa za gesi za R-410A na R-32 hunyonya maji, na maji yakishaingia kwenye mafuta pampu ya vakyumu haiwezi kuyatoa tena kirahisi. Joto la kompresa likiongezeka, maji na mafuta hutengeneza asidi. Asidi inakula kihami cha koili za mota. Uchafu unaotokana nayo unakwenda kuganda kwenye vali ya kutanulia. Fundi wa pili anaitwa, anabadilisha kompresa, anaacha kichujio-kikaushi kilekile na mafuta machafu kwenye mabomba, na kompresa mpya inafuata ya kwanza. Tumewaona watu wakilaumu kiwanda kwa kompresa tatu mfululizo. Kiwanda kilikuwa hakijakosa kitu.

Basi fanya hivi. Jaza nitrojeni kavu kwa hatua: bar 5, subiri dakika chache, bar 15, subiri, kisha shinikizo la majaribio lililoandikwa kwenye kibati, ambalo kwa mashine nyingi za R-32 na R-410A ni karibu bar 40. Oksijeni kamwe, ikikutana na mafuta hulipuka. Acha mfumo saa kadhaa, ukiweza hadi kesho yake, na andika shinikizo pamoja na joto la hewa. Bar 40 kwenye nyuzi 30 zitasoma kama 38.6 kwenye nyuzi 20 bila hata tundu la sindano. Usikeshe na povu la sabuni ukitafuta uvujaji wa jua lililozama.

Toa nitrojeni. Ng'oa viini vya vali kwa kifaa chake, kwa sababu kiini kimoja kilichobaki kinachelewesha kazi kupita kiasi. Tumia mpira mfupi na mnene. Geji ya mikroni ikae upande wa mashine, mbali na pampu. Ukiifunga kwenye pampu itakusomea vakyumu ya pampu, na pampu siku zote inajiona hodari. Mafuta ya pampu yakiwa meupe kama maziwa yana maji, yamwage uweke mapya. Vuta hadi chini ya mikroni 500. Ikigoma kwenye 1,500 au 2,000, vunja vakyumu kwa nitrojeni kavu, iache ikae kidogo, uvute upya.

Kisha tenga pampu kwa vali na uangalie dakika 10 hadi 15. Namba ikipanda kidogo ikatulia chini ya 500, kazi imekwisha. Ikipanda ikasimama elfu moja au mbili, kuna unyevu. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu, rudi kwenye nitrojeni. Hakuna matokeo ya nne, hata mteja awe amesimama mlangoni anakohoa.

4. Madogo, kwa haraka.

Nati za mabomba yaliyopanuliwa mdomo zikazwe kwa spana yenye kipimo: robo inchi ni N·m 14 hadi 18, tatu ya nane ni 34 hadi 42, nusu inchi ni 49 hadi 61, na kitabu cha mashine kikisema tofauti, fuata kitabu. Ukichomelea, pitisha nitrojeni taratibu ndani ya bomba, la sivyo masizi meusi ya shaba yatasafiri hadi kwenye chujio la vali. Gesi ya nyongeza inapimwa kwa mzani, kwa gramu kwa kila mita iliyozidi. R-410A iingie ikiwa kimiminika. R-290 ni propani, gesi inayowaka na nzito kuliko hewa: mashine isikae juu ya mfereji wa maji wala chini ya dirisha, na umbali ulioandikwa kwenye kitabu si mapendekezo. Mashine ya nje ipewe miguu na njia ya kutoa maji, kwa sababu ikijiyeyusha barafu hayo maji yataganda palepale chini yake.

5. Bodi ya umeme ina kikomo, hata kama ina nafasi.

Nafasi tupu ya breka haimaanishi kuna ampea. Piga hesabu kwa volti 230: jiko la indaksheni la 7.2 kW ni ampea 31, chaja ya gari ya 7.4 kW ni 32, pampu ya joto inayokula 3 kW ni 13, hita yake ya akiba ya 6 kW ni 26. Hizo ni ampea 102 kwenye nyumba ambayo huenda fyuzi yake kuu ni 60. Havitawaka vyote pamoja kila siku, ila siku ya baridi, saa ya chakula cha jioni, gari likiwa limerudi, vitawaka. Weka kifaa cha kugawa mzigo kinachopunguza chaja jiko linapowashwa. Pampu ya joto ipate laini yake peke yake. Kuhusu breka ya uvujaji, soma kitabu kinataka aina gani, maana ya aina AC (herufi za breka, si kiyoyozi) inaweza kupofushwa na mkondo unaovuja kwenye invata.

Na hiyo hita ya akiba: kilowati moja ya umeme, kilowati moja ya joto, basi. Ukiisahau ikiwa imewashwa, mfumo mzima utafanana na birika. Angalia saa zake kwenye menyu kila unapokwenda kukagua.

6. Kukabidhi.

Mteja aliyezoea redieta ya kuunguza mkono atagusa ya nyuzi 38, atasema mbovu, atapandisha hadi 60. Kila nyuzi moja unayoongeza kwenye maji inakula karibu asilimia 2 hadi 3 ya ufanisi, kwa hiyo hapo kazi yako yote imekwenda na maji. Weka mstari wa kufuata joto la nje (nje pakipoa, maji yapande joto), ushushe kidogo kidogo hadi chumba chenye baridi zaidi kianze kulalamika, urudi juu nyuzi moja. Kabla hujaondoka mshikishe mteja redieta, mwonyeshe kipimajoto cha chumba, na bandika karatasi ndani ya mlango wa kabati: "Vuguvugu ndiyo sawa. Usizime usiku."

Na wewe wa dakika kumi na tano, geji ya mikroni iko kwenye droo ya pili. Betri tumebadilisha leo asubuhi.