Fotoni mbili kufika pamoja bado si ufungamano

Mkuu, umeuliza kama vigunduzi viwili vikilia kwa mpigo mmoja inatosha kusema fotoni (chembe za mwanga) zimefungamana, yaani hali zao zimeunganika kiasi kwamba huwezi kueleza moja bila nyingine. Haitoshi. Mimi nilidhani hivyo nilipokuwa nasoma uzamili Ujerumani, na nilipoteza wiki mbili.

Leza yetu ya nanomita 405 ilipiga fuwele mbili nyembamba za BBO (bariamu borati) zilizobanana, moja imegeuzwa nyuzi 90. Mara chache sana fotoni moja ya leza huzaa mbili za nanomita 810, kila moja ikashika njia yake. Njiani kuna kichujio cha polaraizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga), kisha kigunduzi.

Kwanza ondoa mapacha wa bahati, yaani fotoni zilizofika pamoja bila kuhusiana. Kila kigunduzi kikilia mara 50,000 kwa sekunde, na dirisha lako la muda ni nanosekunde 10, utapata 25 wa uongo kila sekunde. Watoe kwenye hesabu.

Nilipoweka vichujio vyote wima, hesabu ya jozi ilipanda. Vyote mlalo, ikapanda. Kimoja wima kingine mlalo, karibu sufuri. Nikashangilia! Msimamizi akasema tu, "Haya, weka 45." Nikaweka nyuzi 45 na 45, halafu 45 na 135. Hesabu zilezile. Kwa vipimo hivyo, nilichokuwa nacho hakikutofautiana na mchanganyiko wa kawaida, jozi hii wima, ile mlalo, kama kandambili zilizopangwa sokoni rangi kwa rangi.

Tatizo lilikuwa awamu, yaani jinsi mawimbi yanavyopishana, kati ya uwezekano wa wima-wima na ule wa mlalo-mlalo. Mbele ya fuwele kulikuwa na kipande cha kwazi kwenye kishikio chenye skrubu. Nikaizungusha polepole mno, taa zimezimwa, macho kwenye skrini: 45 na 135 ikawa inashuka, inashuka, hadi ikakaribia sufuri, huku 45 na 45 ikipaa. Siku ile sijaisahau.

Hapo ndipo uende kwenye kipimo cha Bell, kinachotoa namba S ya jinsi matokeo ya pande mbili yanavyooana: upande mmoja nyuzi 0 na 45, wa pili 22.5 na 67.5. Maelezo yoyote ya kandambili, ambapo kila fotoni ina jibu lake tayari tangu mwanzo, hayavuki S = 2; fizikia ya kwanta inafika 2.83. Freedman na Clauser walionyesha kwanza mwaka 1972 kwa fotoni za atomi za kalisi, Aspect na wenzake wakaboresha 1981 na 1982. Ila tofauti ya hesabu ya juu na ya chini kwenye 45, ukiigawa kwa jumla yake, ikiwa chini ya asilimia 71, usihangaike na S kwanza. Rudi kwenye skrubu.