Maelezo ya toleo yaandikwe siku ileile

Mhazini wa chama kimoja cha akina mama hapa Kisumu alinipigia simu Jumamosi asubuhi, hata salamu hazijaisha. “Mwanangu, hii programu yenu imetuibia shilingi 1,200.”

Nikamwomba anisomee. Mkopo wa 12,000, riba asilimia 10 kwa mwezi, miezi mitatu. Zamani riba yote ilikuwa 3,600. Sasa kompyuta inasema 2,400. Nikajua papo hapo. Mwenzetu alikuwa amebadilisha hesabu ili riba itozwe kwenye deni lililobaki: 1,200, halafu 800, halafu 400. Vyama vingine ndivyo vilivyoomba. Ila maelezo ya toleo, yaani taarifa kwa watumiaji ya kilichobadilika kwenye programu, niliyoyaandika mimi usiku wa manane, yalisema tu: “Maboresho mbalimbali na marekebisho ya hitilafu.”

Programu yetu ya kuhesabu mikopo ya vyama ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, na tuko wanne, kila mtu na ajira yake. Toleo likikaribia, mimi ndiye niliyekuwa napekua kumbukumbu za Git, zana inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo, nikikisia maelezo kama “rekebisha tena” inamaanisha nini. Aliyeiandika naye ameshasahau.

Siku hizi anayegusa msimbo analeta pamoja na badiliko lake faili dogo la mstari mmoja au miwili, kwenye folda tuliyoiita habari. Hakuna faili, hatuunganishi. Siku ya toleo skripti fupi inayakusanya yote. Tulianza na faili moja la wote, tukawa tunagongana: wawili wakiongeza mstari mahali pamoja, Git inagoma. Hata watengenezaji wa lugha ya programu ya Python walihamia mafaili madogo mwaka 2017, na pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, nayo hutumia zana iitwayo towncrier kwa kazi hiyohiyo.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Lugha ndiyo inayotutoa jasho. “Kubadilisha kikokotoo cha riba” haimsaidii mtu. Tuliandika upya hivi: “Riba sasa inahesabiwa kwa deni lililobaki. Mkopo wa 12,000 wa miezi mitatu utatozwa 2,400, si 3,600. Mkitaka hesabu ya zamani, fungua Mipangilio, chagua Riba Isiyopungua.” Mambo ya ndani asiyoyaona mtumiaji tunayaacha kwenye Git.

Kabla ya kutoa toleo, namtumia yule mhazini maelezo kwa WhatsApp. Juzi alirudisha mstari mmoja, “Tumesafisha keshi,” nikimaanisha data ya muda ambayo programu huiweka kando, akiuliza: “Keshi gani mmesafisha, ya chama?”