Kuhifadhi orodha ya bidhaa kwenye hifadhidata

Ndugu, nimekuelewa: mteja wa duka lako la Kariakoo akichagua vitenge kadhaa, jedwali la MySQL (programu ya hifadhidata) huhifadhi neno “Array” tu, yaani “orodha”, kwa kuwa PHP, lugha ya programu inayoendesha tovuti yako, haiwezi kuigeuza orodha kuwa maandishi bila kuelekezwa. Ipitishe orodha kwanza kwenye json_encode, amri ya PHP inayoigeuza kuwa maandishi, na unapoisoma tumia json_decode, inayoirudisha ilivyokuwa, ukiiongezea neno true ili vipengele vyenye majina virudi kama orodha. Hata hivyo, kwa oda za biashara ningekusihi utengeneze jedwali la pili, kila bidhaa na mstari wake wenye namba ya oda, ili ukitaka kujua kitenge kipi kimeuzwa zaidi uiulize hifadhidata yenyewe. Usitumie unserialize, amri nyingine ya PHP ya kurudisha maandishi kuwa data, kamwe kwa data itokayo kwa mteja, maana humpa mdukuzi upenyo. Ikiwa malipo yanapita kwenye tovuti hiyo, mtafute mtaalamu aikague kwanza.