Kitonga kwa gari dogo: usipande usiku

Ndugu, umeuliza kama ni busara kuondoka Dar es Salaam saa mbili usiku ili uyakwepe malori na kufika Iringa kabla hakujapambazuka. Malori hutayakwepa, kwa kuwa yaendayo Zambia na Kongo hupita usiku na mchana. Utakachokikosa ni kuiona njia yenyewe, hasa Kitonga, ule mlima mkali ulio kabla ya kufika Iringa.

Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Ukikaribia Morogoro utaikuta milima ya Uluguru kushoto kwako, mara nyingi ikiwa bado imejifunika ukungu. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambamo barabara hupita kwa kilomita 50 hivi, punguza mwendo hata kama huoni mnyama. Baada ya hapo njia huanza kujipinda kati ya vilima hadi kwenye bonde la mto Ruaha Mkuu, penye mibuyu iliyotapakaa miteremkoni, ambayo wakati wa kiangazi husimama mitupu, ya kijivu, kama iliyopandwa kichwa chini. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni nunua wakati wa kurudi, la sivyo gari litanuka safari nzima.

Kisha utaanza kuupanda Kitonga. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, huku ukuta wa mwamba, huku korongo lenye msitu, na karibu kila mara utakuwa nyuma ya semi-trela linalokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Usilipite kwenye kona. Ukiona matawi mabichi yamewekwa barabarani, ujue kuna gari limeharibika mbele.

Mimi nilikuwa nimeupanda usiku, kwa hiyo sikujua ukali wake. Niliporudi mchana niliteremka huku nimekanyaga breki muda wote, hadi pedali ikalegea na moshi ukaanza kutoka magurudumuni. Kwa bahati nilipata mahali pa kuegesha. Utingo wa lori lililokuwa limesimama hapo alinikataza kumwagia maji magurudumu yale ya moto, akaniambia, "Kaka, mlima unaushuka kwa gia uliyoupandia." Nilikaa pale dakika arobaini nikisubiri breki zipoe, nikitazama chini malori yakizunguka kona moja baada ya nyingine, madogo kama vibiriti, na ndipo nilipolitambua korongo ambalo usiku ule nilipita kandoni mwake nikidhani ni kichaka tu.