Jeki ya mzee inashuka yenyewe, nitengeneze au ninunue mpya?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gereji ndogo hapa Mbagala, wateja wangu wengi ni wa Noah na Hiace. Ninayo jeki ya tani 3, ile ndefu ya chini yenye matairi, niliachiwa na mzee na chuma chake kizito kweli kweli. Siku hizi nikinyanyua gari inapanda vizuri tu ila ikikaa kidogo inaanza kushuka mdogo mdogo, na pale chini naona oili imelowa. Vijana wangu wanasema tuitupe, kuna mpya ya tani 2 wameiona dukani bei poa. Mwingine anasema niongezee maji ya breki itakaa sawa. Nishaurini.

JIBU: Marahaba. Hilo la maji ya breki likatae leo leo. Sili za jeki ni mpira uliotengenezwa kukaa na oili ya haidroliki, ukiwekea maji ya breki mpira unavimba, unalainika, halafu unaanza kumeguka, na utakuwa umeharibu hata zile sili zilizokuwa nzima. Ulizia oili ya haidroliki namba 32 au ile iliyoandikwa kabisa ni ya jeki, na oili ya injini usiweke.

Sasa jeki yenyewe. Ukipiga mpini pale, pistoni ndogo inasukuma oili inapita kwenye gololi inaingia silinda kubwa, na ile gololi ndio inazuia isirudi ilikotoka. Tuseme pistoni ndogo ina upana wa milimita 10 na kubwa ina 40, basi kubwa ina eneo mara 16, ndio maana, ukijumlisha na urefu wa mpini, mkono wa mtu mmoja unanyanyua Hiace. Ila presha yote hiyo imeshikiliwa na sili na gololi ya milimita chache tu, kwa hiyo punje ya mchanga ikikaa kwenye valvu ya kushushia jeki haisimami. Jeki ikishuka na nje ni pakavu, shuku uchafu kwenye valvu au sili za ndani. Yako inalowa nje, kwa hiyo mimi naanza na sili ya pistoni kubwa.

Lakini usikimbilie kununua sili kabla hujaiona pistoni. Ishushe jeki mpaka mwisho, mwaga oili, fungua silinda uitoe pistoni, ifute kwa kitambaa kikavu halafu pitisha ukucha taratibu kuanzia juu mpaka chini. Ukucha ukiteleza wote, hiyo jeki ni ya kutengeneza, wala usiumize kichwa. Ukucha ukikwama kwenye vishimo vya kutu, sili mpya utakayoweka itakatwa tena muda si mrefu, na hapo labda fundi wa kukereza akutengenezee pistoni nyingine, gharama ambayo mara nyingi inakupeleka karibu na bei ya jeki mpya ya maana. Na oili uliyomwaga iangalie, ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa ujue maji yaliingia na kutu lazima uitafute.

Sili ukienda kutafuta kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani hapo Dar, usibebe ile ya zamani peke yake, imeshavimba au imelika itakudanganya. Pima pistoni na silinda kwa venia, ile rula ya chuma yenye taya, beba vipimo. Wakati wa kufungua kila gololi na springi yake iweke pembeni ya tundu ilikotoka, na ile skrubu ya valvu ya kuzuia mzigo kuzidi usiiguse kabisa, ilipimwa kiwandani na ndio inayokulinda.

Kitu kingine ni bodi. Mkono wa kunyanyulia ukiwa umepinda, au una ufa, au kuna mtu alishauchomelea, hapo mimi sina mjadala, jeki hiyo iende kwenye vyuma chakavu hata kama ni kumbukumbu ya mzee. Sili inabadilishwa ila chuma kilichochoka chini ya tani za gari kitaua mtu.

Hiyo tani 2 ya bei poa kwa gereji ya Hiace siishabikii. Hiace yenye mzigo inaweza kuisogeza karibu na mwisho wa uwezo wake, na nyingi hazifiki juu vya kutosha kuweka stendi, vile vyuma vya miguu vya kushikilia gari. Kama ya mzee imegoma kweli, jipange ununue tani 3. Na yoyote utakayotumia, kijana asiingie chini ya gari imeshikwa na jeki tupu. Stendi kwanza, gari ikae juu ya stendi, ndio alale chini.

SWALI: Fundi habari, niko Nairobi, nimenunua jeki mpya ya matairi lakini mkono unapanda nusu halafu unadundadunda kama una springi. Nimeuziwa mbovu?

JIBU: Nzuri. Huenda ni hewa, jeki ikilazwalazwa kwenye gari la mizigo hewa inaingia kwenye pampu. Bila mzigo wowote fungua valvu ya kushushia, piga mpini haraka haraka mara 10 hadi 15, funga, ijaribu. Ikibaki vile vile, shusha mkono mpaka chini kabisa, toa kizibo cha oili uongeze mpaka usawa wa tundu tu, usipime mkono ukiwa juu maana utazidisha na itamwaga ikishuka. Ikikataa na hapo, usiendelee kuifungua, irudishe dukani na risiti yako.